Mtoto katanguliza makalio wiki ya 36: ageuzwe kwa mikono, upasuliwe, au umzae hivyohivyo?

Swali ninalokutana nalo sana kwa kina mama waliofika wiki ya 36 na mtoto bado kakaa kichwa juu ni hili: "Nikigeuzwa mtoto, ndio nitajifungua kawaida?" Sasa hapo hakuna ndio wala hapana ya moja kwa moja, kwasababu wengi wanajilinganisha na jirani yao ambae mtoto wake alikaa vizuri tangu mwanzo, wakati jirani hayumo kwenye mjadala huu kabisa. Wewe mtoto wako kakaa makalio chini, kwahiyo cha kulinganisha ni njia ulizonazo wewe leo: kugeuzwa, kupangiwa oparesheni, kuzaa kwa makalio, au kukaa kusubiri. Ukishaziweka hizo ubavu kwa ubavu ndio utaona kugeuzwa kunakupa nini na hakukupi nini.

Kwanza kama uko wiki ya 28 au 30, pumua. Kipindi hicho kama mtoto mmoja kati ya wanne au watano yuko kichwa juu na hamna tatizo lolote, wanageuka wenyewe huko ndani bila kumuuliza mtu. Ikifika muda wa kujifungua wanabaki kama 3 au 4 tu kwa kila 100. Ila ukishavuka wiki ya 36 nafasi ya kugeuka mwenyewe inashuka sana, kwa mimba ya kwanza ni kama 8 kati ya 100, kwahiyo hapo "tusubiri tuone" inakuwa sio mpango tena.

KUGEUZWA KWA MIKONO

Hospitalini ukiuliza taja ECV, yaani kumgeuza mtoto kwa kumsukuma kwa nje ya tumbo, watakuelewa. Uingereza wanafanya kuanzia wiki ya 36 kwa mwenye mimba ya kwanza na wiki ya 37 kwa aliyewahi kuzaa, Marekani ni wiki ya 37 kwa wote. Hawafanyi mapema zaidi kwasababu mtoto mdogo bado ana nafasi ya kujirudisha alikotoka, na pia ikitokea dharura akatakiwa atoke siku hiyohiyo basi awe ameshakomaa.

Inavyofanyika ni hivi. Unapigwa altrasaundi kuona makalio yako wapi, kichwa kiko upande gani, kondo limekaa wapi na maji yanatosha au hayatoshi. Unawekwa kwenye mashine ya kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto kwa muda, wakiridhika unachomwa sindano ya kulegeza mfuko wa uzazi, hiyo itakufanya moyo wako uende mbio na mikono itetemeke kidogo, usiogope inapita. Unalala chali kiasi umeinamishwa ubavu, tumbo linapakwa jeli au poda, halafu daktari anaanza kuyanyanyua makalio kutoka kwenye nyonga kwa mkono mmoja, yakishatoka pale mkono wa pili unakishika kichwa kule juu unakisukuma taratibu kifuate upande wa uso, yaani mtoto apinduke kama anapiga kichwangomba polepole. Kila jaribio ni dakika chache tu na katikati wanasimama kusikiliza moyo. Inabana, wengine wanasema inauma haswa, na ukisema "dokta inatosha" anatakiwa aache saa hiyohiyo. Mkimaliza, ageuke asigeuke, unarudishwa kwenye mashine ya mapigo tena, na kama damu yako ni ya kundi lenye negative unachomwa sindano ya anti-D, ile inayozuia mwili wako usitengeneze kinga ya kupigana na damu ya mtoto. Hiyo sindano ulizia bei mapema maana inaweza ikawa wewe ndio wa kuinunua.

Anageuka kweli? Kwa ujumla nusu kwa nusu. Mimba ya kwanza ni kama 40 kati ya 100, aliyewahi kuzaa ni kama 60. Tumbo lililowahi kuzaa limelegea, lina nafasi, ndio maana. Inasaidia pia kama makalio hayajashuka kwenye nyonga, maji yapo ya kutosha, kondo limekaa nyuma, na kichwa kinashikika vizuri ukipapasa. Akishageuka wanaorudi tena makalio chini hawafiki 5 kwa 100.

Hatari yake watu wanaikuza sana. Kuna wataalamu walikusanya tafiti 84 zenye wanawake karibu 13,000, wakakuta madhara makubwa ni 0.24% na waliopelekwa oparesheni ya dharura ni 0.35%. Kinachotokea mara nyingi zaidi ni mapigo ya mtoto kuyumba kidogo halafu yanarudi sawa, hiyo ni kama 5 au 6 kwa 100. Uingereza wenyewe wanawaambia wajawazito kwamba kama mmoja kati ya 200 ataishia oparesheni ya haraka ndani ya saa 24. Ni mmoja tu kati ya 200, lakini anaweza akawa wewe, kwahiyo mahali pasipo na thieta inayofanya kazi muda huo usikubali kugeuzwa hata kama anaekugeuza ni bingwa.

SASA UKIGEUZWA, LEBA INAKUWAJE?

Hapa ndipo pa kusoma taratibu.

Mwaka 2014 ulitoka uchambuzi uliojumlisha tafiti za wanawake ambao kugeuzwa kulifanikiwa, kichwa kikawa chini kabisa, halafu wakaangaliwa walivyojifungua. Waliopasuliwa walikuwa kama 21 kati ya 100, wakati kwa wenzao ambao mtoto alikuwa kichwa chini tangu awali ilikuwa kama 11 kati ya 100. Karibu mara mbili. Sababu zilikuwa mbili kubwa, uchungu kutosonga mbele na mapigo ya mtoto kubadilika. Na waliozaa kawaida nao walisaidiwa kwa vakyumu au koleo mara nyingi kidogo kuliko wenzao.

Mama mmoja akisikia hivyo anasema basi kumbe haina maana. Subiri. Mtoto kukaa makalio chini mara nyingine kuna sababu yake, labda umbo la nyonga, labda umbo la mfuko wa uzazi, labda kondo lilipokaa, labda kichwa hakikupata mahali pa kuingia vizuri. Mikono ya daktari imebadilisha mkao, hiyo sababu haijaiondoa, kwahiyo haishangazi baadhi wakakwama mbele ya safari. Lakini geuza hiyo hesabu uitazame upande wa pili: kati ya 100 waliogeuzwa ikafanikiwa, kama 79 walijifungua kwa njia ya kawaida. Karibu hao wote bila kugeuzwa wangekuwa kwenye orodha ya thieta au wanasukuma makalio.

Tuweke hesabu mezani, ni ya haraka haraka nachanganya hizo namba hapo juu ila inatoa picha. Chukua wanawake 100 wa mimba ya kwanza, wote wanajaribu. Wanageuka 40. Kati ya hao 40 kama 8 watapasuliwa wakiwa leba, 32 watazaa kawaida. Chukua 100 waliowahi kuzaa, wanageuka 60, hata ukiwakata kwa kiwango kilekile cha 21 (na aliyewahi kuzaa kawaida mara nyingi anafanya vizuri zaidi ya hapo) bado unabaki na kama 47 wanaozaa kawaida. Kwahiyo jibu la lile swali la mwanzo kwa mimba ya kwanza ni nafasi kama moja katika tatu, kwa aliyewahi kuzaa ni kama nusu au zaidi kidogo. Ukiambiwa "ukigeuzwa utazaa kawaida tu" umedanganywa, na ukiambiwa "hata ukigeuzwa utapasuliwa tu" umedanganywa pia.

Ukitaka ushahidi wa majaribio yenyewe, yapo 8 yaliyounganishwa pamoja, wanawake 1,308, waliojaribiwa kugeuzwa dhidi ya walioachwa. Waliojaribiwa, bila kujali alifanikiwa au la, watoto waliozaliwa wakiwa hawajatanguliza kichwa walipungua kwa zaidi ya nusu na oparesheni zikapungua kwa kama 40%. Na haya sio mambo ya Ulaya tu, jaribio moja lilitoka Harare mwaka 1991, na Profesa Justus Hofmeyr wa Afrika Kusini ameifanyia kazi hii tangu miaka ya 80.

Kitu kingine wanawake wanauliza, baada ya kugeuzwa unaanzishiwa uchungu palepale kabla hajarudi? Hapana, kama hamna sababu nyingine unarudi nyumbani unasubiri uchungu wako. Ila ukiona damu, maji, tumbo linauma bila kuachia, au mtoto amepunguza kucheza, rudi usiku huohuo.

KUPANGIWA OPARESHENI

Uzuri wake ni kwamba kwa mtoto aliyekaa makalio, ndio njia yenye hatari ndogo zaidi kwake siku ya kuzaliwa. Utafiti uliobadilisha dunia nzima kwenye hili ulitoka mwaka 2000, uliongozwa na Dk. Mary Hannah wa Canada, wanawake 2,088 kwenye nchi 26. Kwa waliopangiwa kupasuliwa, watoto waliofariki au kuumia vibaya walikuwa 1.6%, kwa waliopangiwa kuzaa kawaida walikuwa 5%. Baada ya hapo hospitali nyingi zikasema makalio chini ni kisu, basi.

Gharama yake inamwangukia mama, na zaidi ni mama wa kesho kuliko wa leo. Sisi huku mwanamke anaepasuliwa mtoto wa kwanza mara nyingi bado anataka wengine wawili watatu. Mimba inayofuata ana kovu, akijaribu kuzaa kawaida kovu linaweza kuachia kama mara moja katika 200, sio nyingi lakini inataka hospitali ya kueleweka sio zahanati. Na kila kisu kinachoongezeka kinaongeza uwezekano wa kondo kujishikiza kwenye kovu. Mwenye kondo lililoziba njia na ameshapasuliwa mara moja, uwezekano wa kondo kung'ang'ania ni kama 11 kati ya 100, akiwa ameshapasuliwa mara mbili unapanda mpaka kama 40. Hiyo ndio ile hali mama anaingia thieta kuzaa anatoka hana kizazi, au hatoki.

Halafu kuna usalama wa oparesheni yenyewe kwetu. Utafiti uliofanywa kwenye nchi 22 za Afrika na kutoka mwaka 2019 ulikuta wanaofariki baada ya kupasuliwa ni kama 5 kwa kila 1,000, mara 50 ya nchi tajiri. Nisikutishe, wengi wao walikuwa wa dharura, wamefika wamechoka, damu imeenda, na oparesheni iliyopangwa asubuhi mama akiwa mzima ni kitu tofauti kabisa. Lakini huwezi ukasema upasuaji ni njia rahisi kana kwamba uko London.

Ikipangwa, ipangwe wiki ya 39 sio 37, mapafu ya mtoto yanahitaji huo muda. Na asubuhi ya oparesheni omba altrasaundi nyingine kabla ya kuingia, wapo watoto wanaogeuka wenyewe dakika za mwisho na itakuwa huzuni kupasuliwa kwa mkao ambao haupo tena.

KUZAA KWA MAKALIO

Bibi zetu wamezaliwa hivyo wengi na wakunga wa zamani walikuwa wanajua. Tatizo la leo ni mikono. Baada ya ule utafiti wa mwaka 2000 watu waliacha kufundishwa, unakuta daktari ana miaka kadhaa kazini na makalio aliyozalisha anayahesabu kwa vidole. Na makalio hayataki papara, mkunga mzuri wa makalio ni yule anaekaa mikono mbali mpaka inapohitajika, akivuta vuta kidevu kinanyanyuka mikono ya mtoto inapanda juu na ndio shida inaanza.

Namba zake hazitishi kama watu wanavyodhani. Wale watoto wa utafiti wa 2000 walipofuatiliwa mpaka miaka miwili, tofauti ya vifo na kuchelewa kukua akili kati ya makundi mawili haikuonekana tena. Mwaka 2006 Ufaransa na Ubelgiji walitoa wa kwao, wanawake zaidi ya 8,000, sehemu ambazo bado wanachagua kwa makini nani azae kawaida na wana watu wenye uzoefu, tofauti ikawa ndogo sana, watoto waliofariki au kuumia vibaya walikuwa 1.60% kwa waliopanga kuzaa kawaida na 1.45% kwa waliopangiwa oparesheni.

Mwongozo wa Uingereza wa 2017 unaziweka vizuri ubavu kwa ubavu na mimi ndio huwa naanzia hapo nikiongea na mtu: vifo vya watoto ni kama 0.5 kwa 1,000 kwa waliopangiwa oparesheni wiki ya 39, kama 1 kwa 1,000 kwa waliopanga kuzaa kawaida kichwa kikiwa chini, kama 2 kwa 1,000 kwa waliopanga kuzaa makalio. Aliyegeuzwa akafanikiwa anahama kutoka kwenye ile 2 kwenda kwenye 1, na mara nyingi bila kovu. Hizo ni namba za Uingereza, kwetu zote zitakuwa juu, lakini mpangilio unakupa mwanga.

Na ujue waliopanga kuzaa makalio, kama 40 kwa 100 wanaishia oparesheni katikati ya uchungu, ambayo kwa mama ndio mbaya kuliko zote. Ukiambiwa mtoto katanguliza mguu, au kichwa chake kimeinuka nyuma kama anaangalia juu, au anakadiriwa zaidi ya kilo 3.8, hii njia iache. Kwa aliyetanguliza miguu kitovu kinaweza kuchomoka mbele yake chupa ikipasuka, hapo mnakimbizana na dakika.

KUKANDWA MTAANI NA MIKAO YA KUINUA MAKALIO

Kupiga magoti kichwa chini makalio juu, fanya ukitaka, haidhuru, ila majaribio yaliyofanyika hayajaonyesha kwamba inageuza.

Kukandwa ndio pana maneno. Mama mkwe anakwambia "mwanangu twende kwa bibi, amewakanda wenzio wote wakazaa salama", na wewe huwezi kumjibu ovyo. Mwambie kwa heshima tu, "mama, hospitali wanafanya kazi hiyohiyo ya bibi ila wao wanaona ndani." Na ndio ukweli. Bibi anaweza kuwa na mikono mizuri kabisa lakini haoni kama kondo liko mbele, haoni kama kitovu kimemzunguka mtoto, hasikii moyo ukishuka, na ukianza kuvuja damu hana thieta. Bibi abaki wa kukupaka mafuta mgongo na miguu, na hapo anasaidia sana, ila mtoto asiguswe.

NANI ASIGEUZWE

Kondo limeziba njia, umetokwa damu siku za karibuni, chupa imeshapasuka, mapacha, mapigo ya mtoto hayako sawa, presha ya mimba iliyopanda vibaya, au tayari kuna sababu nyingine ya kupasuliwa. Kovu moja la zamani sio katazo la moja kwa moja, hilo mjadiliane na daktari anaejua kovu lako lilikatwaje.

MIMI NINGECHAGUAJE

Umewahi kuzaa kawaida, tumbo laini, maji yapo, makalio bado yanaelea, na hospitali ina mtu anaegeuza mara kwa mara na thieta iko wazi? Sioni kwanini usijaribu, kwa kweli nakusukuma kabisa. Nafasi ni nzuri, hatari ni ndogo, na unalinda mimba zako zijazo.

Mimba ya kwanza, makalio yameshakaa kwenye nyonga, maji kidogo, kondo mbele? Nafasi yako iko chini ya zile 40, jaribu kama una moyo nayo, na ukikataa usijione mwoga, oparesheni iliyopangwa wiki ya 39 ni njia ya heshima kabisa na mtoto atakuwa salama. Hapa wanaume na wakwe naomba mnyamaze, tumbo sio lenu.

Hospitali yako haigeuzi? Usiishie hapo, omba rufaa, na ombi lenyewe lianze wiki ya 35 maana wiki ya 39 ukianza kutafuta umeshachelewa. Ukifika uliza wazi: dokta wewe umegeuza wangapi, wangapi waligeuka, ikitokea dharura inachukua dakika ngapi mpaka nipo thieta? Daktari anaeijua kazi yake hakasiriki kuulizwa hivyo. Akikasirika tafuta mwingine.

Kama unakaa mbali na barabara ni mbovu, hilo peke yake linaweza kuamua. Mtoto akibaki makalio chini basi wiki za mwisho sogea mjini kwa ndugu, usingojee uchungu ukukute kijijini, kwasababu hapo hutakuwa umechagua njia yoyote kati ya hizi, utakuwa umechaguliwa.

Na moja ambalo linasahauliwa sana: mtoto yeyote aliyekuwa makalio chini wiki ya 36 na kuendelea, hata kama aligeuzwa akatoka na kichwa vizuri kabisa, nyonga zake zikaguliwe anapozaliwa, halafu kwenye wiki ya 4 mpaka ya 6 apigwe altrasaundi ya nyonga kama inapatikana ulipo. Watoto hawa wana uwezekano mkubwa zaidi wa kiungo cha nyonga kutokaa sawasawa, ikijulikana mapema anavalishwa mkanda maalumu wiki kadhaa inarudi, ikichelewa mpaka ameanza kutembea anachechemea na hapo ni kupasuliwa. Kwahiyo kwenye kadi ya kliniki hakikisha wameandika kwamba alikuwa katanguliza makalio na aligeuzwa, maana anaempokea mtoto leba anaona kichwa tu hatajua mengine.